Mchumba wa Nani

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Nimejaza udongo viriba vya miche mpaka mgongo umegoma. Udongo mzito, samadi imelowa. Wateja wawili tu. Mmoja kachukua miche ya mipapai, mwingine kauliza bei akasema anarudi. Hawarudigi.

Mwenye kiwanja kapita na mwavuli wake. Kasema tena kwamba kabla mwaka haujaisha anataka kujenga fremu za maduka hapa. Kitalu changu kiko hapa Bigwa barabarani tangu mwanangu Shabani hajaanza shule. Nimemjibu sawa, nikainamia viriba vyangu. Moyoni nilitamani kumrushia koleo.

Kiungulia hakinipi nafasi. Shabani na Idi wote walitoka kwa kisu, na daktari kaniambia huyu wa tatu ndiyo mwisho. Hakuna wa nne. Najua nyumba nzima wanalikodolea macho tumbo hili.

Jumanne, 8 Aprili

Nimepiga altrasaundi kwenye kile kituo cha nyuma ya stendi, Msamvu. Kijana mpole, mikono baridi. Mapigo ya moyo mazuri, maji ya kutosha. Nikamuuliza jinsia.

Akasema anaona kama wa kike. Akasema pia ni mapema mno, mimba changa huwa wote wanafanana pale chini, tena kamba ya kitovu ikipita katikati ya miguu mtu anaona kisichokuwepo. Nirudi baadaye. "Usinishikie bango, dada," akaniambia.

Nimetoka nikiwa nimemshikia bango. Furaha ilinipanda mpaka nikapitiliza duka la mbolea.

Ijumaa, 11 Aprili

Mimi nilimwambia Mama: anaona kama wa kike. Mama kampigia Mjomba kule mlimani: ni wa kike. Leo Mjomba kanipigia simu ananiuliza "mama" anaendeleaje. Nikadhani anamuulizia Mama. Kumbe anauliza tumbo. Ameshampa mtoto cheo cha mama yake mzazi.

"Naona kama" imeanguka njiani na hakuna aliyeiokota. Wala mimi.

Rajabu anatucheka. Mume wangu ni Mgogo, kwao mtoto ni wa baba na shamba ni la baba. Anasema kwao dume likizaliwa watu wanakunywa pombe siku mbili, huku kwetu watu wananuna. Nimemweleza tena, kama nilivyomweleza wakati ananioa: kwa Waluguru ardhi inafuata mama. Shabani na Idi watakula mazao ya shamba la bibi yao, lakini hawataliendeleza. Watoto wao watakuwa wa ukoo wa wake zao. Mama yangu kazaa binti mmoja tu, mimi. Nisipozaa wa kike, nyumba yetu inaishia hapa.

Akasema kumbe tumbo lako lina kazi nyingi. Sikucheka.

Jumapili, 25 Mei

Tumepanda kwa Mjomba, mimi na Mama. Njia inateleza, nimepumzika mara nyingi kuliko Mama. Miguu ya Mjomba imevimba, hatoki tena uani. Anataka kugawa kabla hajafa, na hasemi kwa mafumbo.

Shamba la ukoo lina nyumba mbili zinazolitegemea. Yetu, na ya Mwajuma, binti wa marehemu mama mkubwa. Mwajuma ana mabinti wawili. Analima chini ya kijito. Juu ya kijito, pale pasipokauka hata kiangazi, Mjomba kasema patakuwa pangu, kwa kuwa sasa nyumba yetu ina mtu wa kuirithi. Atalisema mbele ya watu wazima wa ukoo wakishamaliza kuvuna.

Nilisimama pale nikapima kwa macho. Vitalu vyote vinaingia. Maji hatua chache. Miparachichi ya kubebesha, ile ya kuunganisha miche, ningeweza kuizalisha mara mbili ya sasa. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa.

Mwajuma katuletea ndizi mbivu. Kaniuliza hali, kalishika tumbo langu. Alikuwa mwema. Ningependelea angenuna.

Jumanne, 15 Julai

Kliniki leo wamenipeleka chumba cha picha, kuangalia mtoto amekaaje kwa sababu ya ule mshono wa zamani. Hospitali nyingine hii, si Msamvu. Ukutani kuna bango kubwa: USIULIZE JINSIA YA MTOTO. Mpimaji ni mama wa makamo, mchangamfu. Mama alikuwa amekaa pembeni na mkoba wangu.

Akazungusha kile kidude, akazungusha, akatabasamu. Akasema, "Haya, mchumba hajambo. Kalala vizuri. Mtunzeni." Akanipa karatasi ya kujifuta, akaita anayefuata.

Nje Mama alikuwa anacheka peke yake. Kwake mchumba ni msichana aliyeposwa, basi. Nikamwambia: Mama, aliyelitamka ni mwanamke. Mwanamke mchumba wake ni nani? Bibi akimwita mjukuu mchumba, mjukuu huyo ana dudu. Babu ndiye anayewaita wa kike. Mama kafikiri, akaacha kucheka.

Ni wa kiume. Mimba ya miezi saba, hapo hakuna tena "naona kama".

Nimemkasirikia mtoto. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo. Alipocheza tumboni jioni sikuweka mkono.

Alhamisi, 17 Julai

Nimerudi Msamvu kwa yule kijana. Kanikumbuka. Kapima, kanilaza ubavu huu, kanilaza ule. Mtoto kampa mgongo, miguu kaikunja kama anayeota moto. Hakionekani chochote. Nikamwambia nimeshaambiwa kwingine ni wa kiume. Akasema inawezekana kabisa, ile ya mwanzo ilikuwa mapema, na alinionya.

Kweli alinionya. Bado nimemchukia.

Jumamosi, 19 Julai

Rajabu anasema ninyamaze. Mjomba agawe kwanza, mtoto azaliwe, tutasema mashine ilikosea. Mashine zinakosea kila siku, anasema, nani atakuuliza? Mama anapepeta mchele tu, mchele ule ule mmoja.

Sipendi wanavyonitazama, kama vile mimi ndiye mwenye uamuzi. Ndiye mimi, lakini sipendi.

Jumapili, 20 Julai

Nimepanda peke yangu. Mama kakataa kuja.

Nilimwamkia Mjomba, nikakaa, nikamwambia. Nilimwambia altrasaundi ya pili imesema mwanaume, na daktari kakataza mimba nyingine. Nilitaka alijue kabla hajasimama mbele ya watu. Akija kulijua baadaye, atakayeitwa mwongo ni Mama.

Mjomba alikuna goti muda mrefu. Akauliza kama mtu aliyeona alikuwa na hakika. Nikasema ndiyo. Akaniuliza tena. Nikasema Mjomba, mimba imeshakua, hawakosei. Nilikuwa mkali kidogo, kwa kuwa nilitaka kulia.

Akasema, "Basi mwanangu, umenisitiri." Kisha akauliza habari za Shabani na Idi kana kwamba tulikuwa tunaongelea mvua.

Kushuka nilishuka haraka. Nilijiona mtu safi. Ilidumu mpaka nilipofika barabarani nikaona kitalu.

Jumamosi, 2 Agosti

Wamegawa. Sikwenda, Mama alikwenda. Juu ya kijito na chini ya kijito, kote kwa Mwajuma na mabinti zake. Mama atalima kipande cha karibu na nyumba ya Mjomba mpaka mwisho wa uhai wake. Baada ya hapo nacho kinafuata kwa Mwajuma.

Mama karudi na kanga mbichi kwa jasho. Kasema hakuna aliyemsema vibaya. Kasema Mwajuma alilia. Kisha kasema, "Mimi nilisikia mchumba. Wewe ndiye uliyenitafsiria." Akaenda kulala jua bado liko juu.

Amekuwa mtu mzima na anatafuta wa kumlaumu. Nimemwacha.

Jumatano, 20 Agosti

Mwenye kiwanja kaleta mchanga lori moja, kaumwaga kwenye kona ya miche ya michungwa. Kama ishara hivi.

Usiku mtoto anapiga mateke hasa. Nimeanza kumwekea mkono. Nimemwomba radhi, sijui kama wanasikia. Rajabu kapendekeza jina la babu yake, Mazengo. Nimesema sawa. Mazengo na aje, kosa si lake. Nimefua nguo za Idi za utotoni, nyingine zina madoa ya ndizi hayatoki.

Alhamisi, 11 Septemba

Wa kike.

Ijumaa, 12 Septemba

Mshono unauma, naandika kwa kulala upande. Jana waliponiinulia mtoto juu ya pazia niliwaambia wamekosea mtoto. Daktari alicheka, akamgeuza vizuri nione. Wa kike, mweusi, analia kwa hasira. Mtoto wangu. Nilimtaka huyu tangu Aprili.

Leo asubuhi yule mama wa chumba cha picha kapita wodini kumwona mgonjwa wake. Kasimama kitandani kwangu, kafunua kanga. "Si nilikwambia mchumba hajambo?" Nikamuuliza mchumba wa nani. Akashangaa. Mchumba wa mwanangu, akasema. Ana kijana wake wa miaka mitatu, na kila mtoto wa kike anayemwona kwenye mashine anamposea. Wauguzi wote wanajua. Bango linakataza kuuliza jinsia, halikatazi kuposa.

Alikuwa anacheka. Nami nikacheka kwa heshima, mshono ukanikumbusha.

Mashine haikukosea. Yule mama hakukosea, alimwona sawasawa. Kijana wa Msamvu naye hakukosea. Mama yangu, asiyejua kusoma hata lile bango, alisikia vizuri. Ni mimi. Mimi na ujuaji wangu tulibeba neno moja la utani tukapanda nalo mlima.

Mama kamshika mtoto tangu jana. Natamani anigombeze.

Alhamisi, 2 Oktoba

Mjomba kateremka. Bodaboda kamleta polepole, miguu imefungwa kitambaa. Rajabu kambeba mpaka kwenye kiti. Mjomba kampakata mtoto, kamwita mama, kamtemea mate ya baraka kwenye utosi. Tumempa jina la Hadija, la mama yake Mjomba.

Nilimwambia habari ya mchumba yote. Nilitegemea atagomba. Alisikiliza, akataka nirudie pale pa kijana wa miaka mitatu. Akasema yule mama ni mtani mzuri.

Kisha akasema nililokuwa naliogopa. Neno kalitoa mbele ya watu, Mwajuma kaitikia mbele ya watu, na kabichi alizopanda pale zimeshashika. Hawezi kumwambia Mwajuma rudisha kwa kuwa mimi, Tatu, sikuuliza vizuri. Ardhi ile si yake, yeye ni mlinzi tu. Hakusema kwa ukali. Akasema angekuwa mwingine angenyamaza mpaka azae, na angekuwa na shamba leo. Sikujua kama ananisifu.

Alipoondoka nililia mbele ya Rajabu. Akasema mashine zinakosea kila siku. Nikamwambia nyamaza, haikukosea. Akasema ndiyo hivyo, angalau ungeisingizia.

Jumapili, 2 Novemba

Arobaini imepita. Nguzo za fremu zimesimama katikati ya miche yangu. Leo nimepanda na Hadija mgongoni, nimemfunika kanga mbili, ukungu ulikuwa mzito.

Nilipiga hodi kwa Mwajuma. Alinikaribisha, akamchukua mtoto, akamnusa shingoni. Tulikunywa chai. Nikamwomba kipande cha kando ya kijito kwa ajili ya kitalu, kwa kukodi. Sauti ilinitoka ndogo kuliko nilivyopanga. Akasema atavuna kabichi kwanza, kisha aongee na mabinti zake, maana ni shamba lao sasa. Hakuninyima. Alitazama chini alipokuwa anasema.

Akanisindikiza mpaka kwenye maji. Nilimshusha Hadija nikamnyonyesha nikiwa nimekaa juu ya jiwe. Mwajuma alisimama akisubiri nimalize, kama mtu anavyomsubiri mgeni wake.