Maktaba Kwenye Tuta

Dada Paskalina, shikamoo. Hamjambo hapo Nambis?

Huku kwenye shamba la ngano jua linachoma na umeme hakuna. Maktaba ya wafanyakazi nimeichora izame ardhini kama nyumba ya babu, ipate ubaridi. Nilichagua tuta moja la udongo, nikidhani ni kichuguu cha zamani. Jana trekta lilipomaliza kulichimba, akaja bibi mmoja wa wafugaji na majani mabichi mkononi. Akasema hilo ni kaburi la mume wake. Hakugomba. Aliniuliza tu mlango utakuwa upande gani, ajue pa kuingilia akimletea majani.

Mimi ndiye niliyechora, dada.

Wasalimie watoto. Ukienda kupalilia kaburi la mama, kaa naye kidogo kwa ajili yangu.

Mdogo wako,
Safari