Zamu ya Wa Nne

14 Januari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linasemaje? Mwambie wifi asiwaache wajukuu wakupande mgongoni kutwa nzima, wewe si farasi. Mimi mzima wa afya, ila kazi tu inanikimbiza. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu unajibu maswali ambayo sijauliza. Ile filimbi ya miaka yote imekumaliza masikio.

Sasa kaa chini. Wamenipangia shule yako, ile uliyofundisha michezo. Stoo ya michezo ni ile ile, hata komeo lake bado linauma vidole. Nimekuta magodoro manne ya mazoezi, kamba, pete za plastiki, na lile sanduku refu la kurukia limegeuzwa uso ukutani. Mwalimu mkuu kasema halitumiki. Nikamwambia hainisumbui, mimi naanza na misingi: kukimbia na kusimama, kuruka kwa mguu mmoja, kudaka, kujisawazisha.

Darasa la pili wako arobaini na sita. Leo nimewapanga mistari sita, kila mtoto apite kwa zamu na kuruka pete tatu zilizolazwa chini. Akapita wa kwanza, wa pili, wa tatu. Halafu wakasimama. Wote wanaziangalia pete, vichwa vinageuka polepole kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, kama kuna mtu wanamfuata kwa macho. Nikauliza, "Zamu ya nani?" Kabinti kamoja kenye pengo kakanijibu bila wasiwasi wowote, "Ameshapita, mwalimu." Ndipo akafuata aliyekuwa nyuma. Mistari yote sita, baba, na kila mstari baada ya wa tatu.

Nilicheka, nikadhani wananipima ugeni. Nikawaambia wahesabu. Moja, mbili, tatu, kimya cha kutosha neno moja, tano. Mstari una watoto wanane na wa mwisho kaita tisa. Huu ni mchezo wa enzi zako? Nieleze na mimi nicheke vizuri.

Kitindamimba wako

29 Januari

Mwanangu,

Marahaba. Goti bado ni langu, halijapata mwenyewe mwingine. Kaka yako na wifi yako hawajambo, wajukuu ndio kabisa, wanakula kama jeshi. Nimefurahi kupata barua yako, mwandiko wako umenyooka kuliko tabia yako.

Watoto ni watoto, usiwatilie maanani. Mistari huwafanya wazubae. Wapange duara, au wawili wawili, upuuzi huo utaisha wenyewe.

Ila hili nisikilize. Fundisha kutua kabla ya kufundisha kuruka. Wiki mbili nzima, kutua tu. Vidole kwanza, visigino baadaye, magoti yalegee, mikono mbele, macho mbele. Mtoto akikosa hata siku moja, mrudishe mwanzo yeye peke yake, wenzake wasubiri. Na usiwape namba. Waite kwa majina yao. Lile sanduku liache hivyo hivyo lilivyo.

Baba yako, mzee wa filimbi

11 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Habari za wote hapo nyumbani? Mimi sijambo, mafua kidogo. Umenieleza habari za magoti ya watoto ukurasa mzima na nilichokuuliza hukukijibu. Umenipiga chenga, na mimi chenga zako nazijua tangu nikiwa mdogo.

Duara nimejaribu. Wameshikana mikono wote isipokuwa wawili, ambao wamenyoosha mikono yao na kuacha nafasi ya mtoto mmoja katikati. Nikawapanga wawili wawili. Arobaini na sita, hesabu inagawanyika, sivyo? Basi mmoja akaja analia kwamba hana mwenzake, na huku mwingine yuko pembeni anarukaruka peke yake, mkono ameuweka ubavuni kwa mtu asiyekuwepo. Nikamwambia, "Mchukue huyu." Akasema, "Mimi ninaye."

Sikutaka kulala na mawazo ya mashetani, nikawachunguza wakati wa mapumziko. Kumbe jambo lenyewe ni la kawaida. Wa darasa la tatu wanawafundisha wa darasa la kwanza. Wanawashika mabega na kuwarudisha nyuma: ngoja, ngoja, haya sasa. Nikawauliza wamelitoa wapi. "Tulikuta." Nikawauliza wa darasa la saba, wakasema hivyo hivyo, tuliwakuta wakubwa wakifanya. Kwa nini? Hakuna anayejua. Ukipita kabla yake ni vibaya, basi.

Nilijiambia, umeona, hakuna mzimu hapa. Lakini juzi, tukiwa kwenye zoezi la kutua, akatua wa tatu, wakasubiri, na mimi nikainama nikaweka kiganja juu ya godoro. Sitaki kukutilia chumvi. Lilikuwa na joto, na jua lilikuwa kali, godoro lolote lingekuwa na joto. Ila siweki tena mkono pale, baba, na sijui nani angeniambia niuweke nikakubali.

Wewe ulifundisha hapa miaka ishirini na miwili. Huwezi kuwa hukuona.

Kitindamimba wako

3 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sote wazima. Pole kwa mafua.

Usiwaulize watoto tena. Fundisha, piga filimbi, nenda nyumbani. Ukiona kazi imekuwa nzito omba uhamisho, pale ofisi ya elimu bado nina watu wanaonikumbuka.

Baba yako

9 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima.

Nimelisoma daftari la ajali. Liko kwenye kabati la mwalimu mkuu, chini ya vikombe vya mashindano. Miaka thelathini na moja iliyopita, darasa la nne, msichana wa miaka kumi. Aliumia shingo kwenye sanduku la kurukia, akafariki hospitali siku ya pili. Mwandiko ni wako, ningeutambua hata gizani. Umeandika: "Mwanafunzi aliruka bila kuitwa, kwa zamu isiyokuwa yake."

Wiki iliyopita nilitumwa kwa fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara kuchukua bukta za watoto. Mama mmoja mtu mzima, mpole, chumba kidogo, cherehani mbili na kioo. Nikiwa nahesabu bukta akanitazama miguuni na kusema, "Wewe ni binti wa yule mwalimu. Unasimama kama yeye, kama unataka kukimbia." Nikacheka, nikamwambia ndiyo. Akaendelea kukunja. Kisha akasema yule msichana alikuwa mwanawe.

Hakunipigia kelele. Alinisimulia tu kwamba kila mwaka shule ikifunguliwa, watoto walipangwa uwanjani wakasimuliwa habari za mtoto mkaidi aliyeiba zamu ya mwenzake akafa. Ilikwenda hivyo karibu miaka kumi. Yeye alikuwa anashona huku madirisha yakiwa wazi, anasikia kila neno. Mwisho akaniambia, "Nina swali moja kwa baba yako. Sitaki kumshitaki, sitaki kitu chake. Aniambie tu: mwanangu alikuwa mkaidi kweli?"

Baba, nimekaa na swali hilo siku sita na mimi nina langu. Kama yule mtoto aliiba zamu, kwa nini wenzake wamekuwa wakimpa zamu kila siku, mwaka baada ya mwaka, mpaka wakaiachia kwa watoto ambao hata hawakuwa wamezaliwa? Mwizi hawekewi nafasi.

Mjibu yule mama. Usinijibu mimi.

Mwalimu wa michezo, darasa la pili

27 Aprili

Mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Mimi si mzima na si mgonjwa. Umekaa wiki saba bila neno kutoka kwangu, na kaka yako amenisema sana. Nimechana karatasi nyingi. Hii sitaichana, nampa mjukuu aipeleke posta kabla sijaisoma tena.

Ilikuwa siku ya alama za mwisho wa muhula. Nilikuwa nimewapa namba ili kazi iende haraka. Naita namba, mtoto anakimbia, anapanda, anaruka, anatua, naandika alama. Macho yangu yalikuwa kwenye karatasi. Nikaita, "Nne." Hakukimbia mtu. Nikasikia sauti ndogo, "Mwalimu, mimi sijafundishwa." Alikuwa ameugua wiki mbili, zile wiki mbili za kutua, na kwa kuwa alikuwa namba tu mkononi mwangu sikukumbuka. Sikuinua kichwa. Nikaita tena, kwa ukali, "Nne!"

Akakimbia. Watoto nikiita walikimbia, ndivyo nilivyowalea. Nilisikia miguu, nikasikia ubao wa sanduku, nikasikia alivyotua. Mtu wa kazi yetu anajua mlio wa magoti yaliyokaza. Nilijua kabla sijatazama.

Jioni mwalimu mkuu wa wakati ule aliniuliza, "Ulimwita?" Mama yako alikuwa na mimba yako, imebaki wiki moja. Nikasema sikumwita. Akanipa daftari nikaandika. Watoto thelathini na nane walikuwa wamesikia nikiita mara mbili, na hakuna mtu mzima hata mmoja aliyewauliza.

Kipindi cha kwanza baada ya mazishi, akapita wa tatu, wakasubiri. Nikadhani ni huzuni, itapita. Haikupita. Niliwachapa. Walilia, na wakasubiri huku wanalia. Siku moja nikasimama mimi mwenyewe mahali pale, baada ya wa tatu. Wa nyuma yangu hakusogea. Alinitazama tu mpaka nikatoka. Wale wakahitimu, wakaja wengine, na wengine, na mimi nikaona kwamba katika yote niliyowahi kufundisha shule ile, ni hilo tu ambalo watoto hawajalisahau. Nilistaafu mapema nikasingizia goti. Goti halina kitu, mwanangu.

Unasema masikio yangu yamekufa. Yamekufa kwa kila kitu isipokuwa sauti yangu mwenyewe. Naketi hapa barazani mchana kweupe, wajukuu wanacheza, midomo yao inafunguka sisikii neno, halafu naisikia ile sauti inaita nne, kwa ukali, na nageuka kuona ni nani atakayekimbia.

Msomee yule mama. Mwambie mwanawe hakuwa mkaidi. Mwambie nilimwita.

Baba yako

8 Mei

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini unakula, na kaka amekuacha upumzike. Mimi nipo.

Nilimpelekea jana baada ya kipindi. Alizima cherehani, akafuta kiti, akanikaribisha nikae. Nikamsomea yote, sikuruka neno hata pale nilipotaka kuruka. Nilipofika kwenye "mwambie nilimwita," aliniomba nisome tena. Nikasoma. Akaomba tena. Mara ya tatu nilisoma neno moja moja, akanisubiri.

Nilidhani atalia, au atakulaani. Nilikuwa nimejiandaa kwa laana, baba, nilikwenda pale nimekaza moyo nikupokelee. Hakukutaja kabisa. Aliniambia jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu.

Mtoto hakufa pale pale, hilo unalijua. Alikaa hospitali siku mbili na siku ya kwanza alikuwa anaongea. Ujumbe wa shule ulikuwa umeshamfikia mama yake: mwanao karuka bila ruhusa. Mama akaingia wodini akiwa na hofu na hasira pamoja, kama sisi wanawake tunavyoingia. Mtoto akamwambia, "Mama, niliitwa." Yeye akamjibu, "Hata hapo kitandani unaniongopea? Mwalimu atasema uongo, wewe ndiwe useme kweli?" Mtoto akarudia, "Niliitwa, mama." Akamwambia, "Nyamaza."

Akanyamaza. Mama anasema alimtii. Hakusema neno jingine siku ile, wala usiku, na asubuhi alikuwa amekwenda.

Kwa hiyo barua yako haikumwondolea mzigo. Miaka yote hii alikuwa na mtoto mkaidi aliyekufa, na uchungu wake alishauzoea. Tangu jana ana mtoto mkweli ambaye yeye ndiye aliyemnyamazisha. Aliniuliza, si kwa kutaka jibu, "Sasa nitamwambia vipi kwamba namwamini?" Nikamshika mikono.

Nilipoinuka kuondoka akanishika kanga. Hataki umwombe radhi. Anataka uje umwambie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, neno lile lile aliloambiwa na mwanawe akalikataa, kwamba aliitwa, ili safari hii alisikie na kuliitikia. Anasema labda likisemwa tena na yeye akaitikia, ataweza kukaa kimya bila kuliona lile godoro la hospitali.

Basi usiniandikie tena, baba. Barua imefanya ilichoweza. Kaka atakupandisha basi, mimi nitakupokea stendi, na kama utashindwa kuvuka barabara peke yako nitakushika mkono mpaka mlangoni kwake. Ndani utaingia mwenyewe.

Yupo kila siku isipokuwa Jumapili, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Mlango huwa wazi.

Mwanao