Wataona Anakohoa, Mama

Mama,

Ulipomwita mbwa wako Wataona, ulisema majirani watajijua wenyewe wanaambiwa nini. Sasa sisi ndio tunaona. Anakohoa tangu tukuzike, na mimi nimechoka na watu wako.

Unajua ilivyo huku Katito ng'ombe wa matanga akichinjwa. Mbwa walitoka kila boma kufuata mifupa, wakapigana, wakalamba sufuria moja. Baadaye wakaanza kukohoa mmoja mmoja, pua zinachuruzika. Nikaja kutoka Nyamasaria na daktari wa mifugo, nikidhani neno lake litatuliza watu. Nilijidanganya.

Daktari alisema huenda ni homa ya mafua ya mbwa, ila hawezi kuapa bila kupima. Alieleza polepole: virusi vyake hupita mbwa kwa mbwa, na hajasikia mtu yeyote aliyeambukizwa. Lakini virusi vya mafua hubadilika. Hivi vya mbwa vilianzia kwa farasi na ndege. Kwa hiyo mgonjwa atengwe, asile na bata wala nguruwe, tunawe mikono, tusimsogezee uso, na anayemuuguza akipata homa aende hospitali aseme. Basi. Kuna ugumu gani hapo?

Wengine walisikia "hajasikia mtu", wakaendelea kuwalisha mbwa mifupa ya samaki kwa mkono. Wengine walisikia "hubadilika", wakaanza kutafuta sumu. Kiongozi wao ni shemeji yako, Baba mdogo Odhiambo. Alishikwa na mafua, akasimama karibu na kaburi lako akatangaza, "Hii mbwa ndio imeniletea. Kesho naiwekea dawa ya panya."

Nilimjibu vibaya, Mama. Ungenikemea. Lakini nikipiga ule mluzi wako wa jioni, Wataona bado anainuka na kukimbilia mlango wa jikoni kukutafuta. Watu wote wameshazoea kwamba hupo. Wakimuua yeye, nitabaki kukutafuta peke yangu.

Asubuhi nikakuta kamba ya Wataona tupu. Nilizunguka boma lote nikiita. Nyuma ya jikoni nikaona blanketi lako la maua likifuka mvuke. Ndani yake walikuwa Baba mdogo na Wataona, pua kwa pua, na sufuria ya mwarubaini katikati yao.

"Nyathina, mwanangu, usipige kelele," alisema humo humo ndani. "Hii ni mbwa ya mama yako. Nimeshindwa kuiwekea."

Mtu mzima, Mama. Kila alichokatazwa alikifanya kwa mkupuo mmoja. Nililia kwa hasira, kisha nikacheka, kisha nikalia tena kwa sababu wewe ndiye uliyetufundisha kujifukiza hivyo, ukitufunika wote chini ya blanketi hilo hilo.

Nimelifua. Baba mdogo nimempeleka kliniki, nikamlazimisha aseme ukweli kuhusu mbwa; alisema akiangalia ukuta. Wameniambia nimwangalie, homa ikipanda nimrudishe. Wataona nimemtenga kando ya ghala na bakuli lake, kikohozi kimeanza kupungua.

Pumzika, Mama. Nakuahidi nitakutunzia wote wawili. Mbwa hanisumbui, anakubali kufungwa kamba.

Binti yako,
Akinyi