Muuza Magodoro Amelala

Jumatano, Migori. Mvua ilipiga mabati asubuhi yote, sasa yamebaki manyunyu.

Kwa unyenyekevu mkubwa, nalitangazia taifa kwamba leo, baada ya chakula cha mchana, mimi muuza magodoro mashuhuri wa Rodi Kopany nimepata usingizi. Wananchi waendelee na shughuli zao.

Wateja wangu wasinicheke. Miaka yote nimewaambia, "Ukilalia hili, hata jogoo hutamsikia." Sasa niko wodini nikisubiri operesheni ya ngiri, juu ya godoro la plastiki linalolia kila nikigeuka, na hadi leo mchana macho yalikuwa yamekataa kufumba.

Kila asubuhi sista huniuliza kama nimelala. Namjibu, "Kama mtoto." Kisha ananifunga ile mashine ya presha mkononi, nayo inanisema. Presha ikiwa juu, daktari hapasui. Leo ameniahirisha tena.

"Lala, baba," sista akaniambia. "Hiyo ndiyo dawa yako."

Nimelaumu taa. Nimelaumu mbu, na wanaokoroma.

Si taa.

Ni kitanda kinachotazamana na changu. Mwalimu aliyekuwa pale alinitania kuhusu kitambi changu, akavuta blanketi, akasema tutaonana asubuhi. Asubuhi sista alimwita. Akamwita tena. Tangu siku hiyo, usingizi ukianza kunibeba nashtuka na kushika kifua. Naogopa kulala nisiamke. Mtu mzima mimi, na watoto wako sekondari.

Mke wangu sijamwambia. Leo baada ya chakula nilimwambia jirani yangu wa kitanda, Mzee Mwita, mfugaji wa Kehancha aliyevunjika mguu. Nilijua atanicheka. Alinicheka. Halafu akasema, "Sisi huko na ng'ombe hatulalagi wote. Mmoja analala, mwingine anachunga. Lala, kijana. Mimi nachunga."

"Sasa utachunga nini, mzee?"

"Pumzi yako. Ikinyamaza, nakupiga na hii mkongojo."

Eti kijana, na mvi zangu zimefika masikioni.

Akajiinua, akaegemea ukuta, mkongojo mapajani, akanikazia macho kana kwamba mimi ni ndama aliyenunuliwa jana. Nikafumba yangu.

Jioni sista alipima presha akatabasamu. Kesho napasuliwa. Mke wangu alipopiga simu, nilimsifia Mzee Mwita: hakupepesa jicho hata mara moja.

Sasa niseme ukweli, maana hapa si kwenye simu.

Nilipoamka, chai ilikuwa inagawanywa. Mzee alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, mkongojo uko sakafuni. Mama wa chai akaniambia alimkuta hivyo hivyo alipokuja kukusanya sahani za mchana, na wakati huo mimi ndiyo kwanza nimeanza kukoroma.

Kwa hiyo hakuna aliyenichunga. Nilikuwa napumua mwenyewe.

Ungedhani hofu iliisha hapo. Haikuisha, ilihamia kwake tu. Nilimkodolea macho mpaka nikaona kifua kimepanda, kikashuka, kikapanda tena. Mama wa chai alitaka kumwamsha, nikamzuia. Niliokota mkongojo nikauweka mapajani mwangu, nikakaa namchunga mzee wa watu mpaka chai yake ikapoa.

Na operesheni ya kesho bado naiogopa.