Verlin Hataki Kulazwa

Jumatatu, 8 Januari 2018

Utaratibu mpya umeanza. Bima ya serikali ya wazee haitulipi tena kwa kila anayepita mlangoni. Sasa ni fungu la kila mwezi kwa kila mzee tunayemtunza, na zawadi juu yake wakikaa nje ya hospitali. Wakilazwa ovyo — tunakatwa.

Mimi nimefurahi. Miaka yote natibu mbiombio, mkono mmoja kwenye kitasa cha mlango. Daktari mwenzangu Curtis hakufurahi. Zahanati ni yetu sisi wawili.

"Tatizo lako lina jina," aliniambia. "Verlin Oase."

Verlin ni mkulima wa ngano, kafiwa na mke, moyo umechoka, miguu inavimba. Mwaka jana hospitali ilikuwa kama nyumba yake ya pili. Curtis anataka tumhamishie kwa daktari wa mjini. Kwa upole, anasema. Nimekataa.

Alhamisi, 11 Januari

Nimekwenda shambani kwa Verlin. Zamani nisingethubutu — nusu siku barabarani, na hakuna wa kuilipia. Theluji imefika madirishani. Kanipa kahawa nyepesi kama maji ya kusuuzia vikombe, na samaki wa kopo. Chumvi tupu. Tangu mkewe Arlys afariki, anakula anachoweza kukifungua.

Dawa ya kupunguza maji mwilini ipo kabatini, haijaguswa. Nikamuuliza. Akatazama dirishani.

"Nikiimeza asubuhi nakojoa mpaka mchana. Nina ng'ombe wa kulisha. Na kanisani nakaa mbele — nitoke mara ngapi, watu wakinitazama?"

"Mbona hukuniambia, mzee?"

"Ulikuwa na haraka, binti."

Kweli. Basi aimeze alasiri, ng'ombe wakishakula. Jumapili, akitoka kanisani. Ndiyo hiyo tu! Mwaka mzima wa kulazwa.

Jumatano, 24 Januari

Miguu imepungua. Verlin kaja zahanati na viatu vyake vya zamani, kauinua mguu mezani kwa Curtis. "Vinaingia," kasema. Curtis akacheka, wakakaa kuzungumzia ng'ombe mpaka wagonjwa wakaanza kukohoa kwa makusudi. Baadaye akaniambia, haya, umeshinda. Si mtu mbaya Curtis. Ana hofu tu. Wauguzi wetu wana watoto.

Ijumaa, 2 Februari

Naandikia jikoni kwa Verlin. LaVonne, jirani yake, alinipigia simu mchana: mzee hawezi kulala chali, anahema akiwa amekaa. Mafua yameshuka kifuani. Mapafu yamejaa maji. Nimemchoma sindano. Haitoshi. Nikamwambia, leo ni hospitali.

"Siendi."

"Verlin."

"Nimesikia pale mkahawani. Mimi nikilazwa — nyinyi mnakatwa." Neno, pumzi, neno. "Zahanati ikifungwa, watu wa hapa waende wapi?"

Nikamwambia mzigo huo si wake.

"Wewe umekuja mpaka huku. Kwenye theluji. Niache na mimi nifanye langu."

LaVonne kageuka ukutani, kajifuta macho kwa kitambaa cha vyombo.

Nimeita ambulensi bila ruhusa yake. Lakini niandike ukweli: kabla ya kubonyeza namba nilisita. Kidogo. Uso wa Curtis ulinipitia. Kwa utaratibu wa zamani nilikuwa na haraka, lakini sikuwahi kusita. Nadhani Verlin aliniona. Nadhani ndiyo maana amezidi kukataa.

Ambulensi inakuja polepole, nyuma ya greda linaloisafishia njia theluji. Nimeshindwa kukaa, nimempelekea koti lake, nikapiga magoti mbele ya kiti.

"Sema kweli," kasema. "Ingekuwa baba yako?"

"Ningekuwa nimeshamvika."

Akanyoosha mkono mmoja, nikaupitisha kwenye koti.

Nimerudi mezani. Yuko vilevile, nusu kavaa. Mkono wa pili bado umeshika kiti, vidole vyeupe. LaVonne anasema anasikia greda. Mimi nasikia pumzi za Verlin tu.