Robo ya Ileje

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Nesta Simkoko
Jinsia: Mwanamke
Umri: Miaka 44
Kabila: Mnyamwanga
Dini: Mkristo
Kazi: Fundi wa mashine ndogo
Makazi: Mpemba, Tunduma
Mahali pa kuandikia: Kituo cha polisi, Wilaya ya Ileje
Tarehe: 18/06/2024
Muda wa kuanza: Saa 7:40 mchana

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza kwa hiari yangu kwamba natengeneza chensoo za kupasulia mbao, pampu na mashine za kufyekea nyasi hapo Mpemba, kando ya barabara kuu, na huu ni mwaka wa kumi na tisa. Kazi yangu ni zile injini ndogo zinazotumia petroli iliyochanganywa na oili. Nilifundishwa na marehemu baba yangu. Wateja huniita Mama Brenda, kwa jina la binti yangu.

Jumamosi tarehe 15 niliwaambia askari neno ambalo limemfanya Yonathani Mtafya aendelee kukaa mahabusu kwa kifo cha shemeji yake, Damiano Kibona. Leo nimekuja kulirudisha neno lile. Koplo anayeandika maelezo haya ameniambia nianzie mwanzo.

Mnamo tarehe 06/06/2024, siku ya Alhamisi, majira ya saa 3:20 asubuhi, Damiano alifika kwangu na chensoo yake. Alikuwa mpasua mbao wa Mbebe, huku Ileje, na nilimfahamu kwa miaka sita. Mtu wa utani sana. Kila akija huniuliza kama nimeshaolewa tena, nami humjibu kuwa bado natafuta mwanaume anayenuka petroli kunizidi.

Shida yake haikuwa mpya. Miezi ya baridi alipasua mbao Mbebe, mlimani, na miezi mingine alishuka kufanya kazi bondeni Momba. Kabureta ya kawaida ina skrubu mbili za kupimia petroli. Ukiipima ikakaa vizuri mlimani, ukishuka nayo bondeni inakosa petroli, injini inachemka na pistoni inashika. Pistoni mbili zilikwisha kumfia kwa namna hiyo. Aliniambia, "Mama Brenda, nimechoka kuja kwako kama mtu wa kliniki. Sasa tunafanyaje?"

Nilimpa njia tatu. Kwanza kabureta ya kuiga, ambayo nisingemfungia hata adui yangu. Pili, halisi ya kawaida, ambayo ingemrudisha kwangu kila msimu. Tatu, ile inayojirekebisha. Hiyo haina skrubu za petroli. Inakuja na koili yake, inaisikiliza injini na kujipimia petroli yenyewe, mlimani au bondeni. Damiano aliiogopa. Alisema, "Kitu hakina pa kutia bisibisi. Kikigoma porini, nitakiomba msamaha?" Nilimwambia achukue hiyo, atanishukuru. Naomba iandikwe kwamba mimi ndiye niliyemchagulia.

Tarehe 08/06/2024 nilivuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, kwa Clever Silwamba, ambaye ni ndugu yangu upande wa mama na anauza vipuri. Nilipata kabureta inayojirekebisha, ya chensoo ya aina kama ya Damiano. Clever alinionya. Alisema, kwa neno la heshima la Kibemba, "Mukwai, hii usiiguse. Ukishaifunga, mwenyewe apasue mbao nusu saa kule kule anakofanyia kazi, ili ijifunze. Mkono wako utie mfukoni." Nilicheka. Nilimuuliza fundi wa kutia mkono mfukoni ni fundi gani. Karatasi ya maelekezo ilikuwemo kwenye boksi. Sikuisoma.

Mnamo tarehe 10/06/2024, Jumatatu, saa 4:00 asubuhi, niliifunga kabureta ile Damiano akiwa amekaa kwenye benchi. Imebakiziwa skrubu moja tu, ya sailensi, yaani ya kupangia mngurumo wa mashine pale mtu asipobonyeza mafuta. Sailensi ikiwa ya kadiri, mashine inaunguruma na mnyororo unatulia. Ikizidi, mnyororo unazunguka wenyewe.

Hapa inabidi nieleze desturi yetu. Mashine inayopanda Ileje, sisi mafundi wa Mpemba huiongezea robo. Skrubu ya sailensi tunaizungusha robo mzunguko zaidi ya kawaida, kwa sababu kule juu hewa ni nyepesi, asubuhi baridi inauma, mashine inalemewa na petroli na kuzimika ovyo. Ikifika juu, ile robo inapotea, mngurumo unakaa sawa. Tunasema mlima unakula robo. Baba alinifundisha hivyo nikiwa na miaka kumi na sita, na hakuna mteja wa Ileje aliyewahi kuondoka kwangu bila robo yake.

Damiano naye nilimpa robo. Hakuniomba, na wala sikufikiri. Mkono ulikwenda wenyewe.

Kisha nilipaka rangi ya kucha nyekundu juu ya skrubu, mstari mmoja unaopita hadi kwenye bodi ya kabureta, na nukta mbili pembeni. Hiyo ndiyo alama yangu. Skrubu ikiguswa na mtu mwingine, rangi inapasuka, nami najua. Niliiwasha mashine dakika mbili na mnyororo ulitulia. Nilimkumbusha Damiano kwa mara ya tatu kuhusu breki ya mnyororo iliyokatika. Alisema ataibadilisha akimaliza mbao za kanisa. Aliondoka anafurahi kama mtoto aliyenunuliwa viatu.

Yaliyotokea tarehe 13/06/2024 sikuyaona. Nimeelezwa na askari pamoja na Atupele, ambaye ni mke wa Damiano na dada wa Yonathani. Siku hiyo, majira ya saa 3 asubuhi, Damiano na Yonathani walikuwa shambani wakipasua gogo la mlingoti, yaani mkaratusi, kwenye mteremko. Walikuwa wakipokezana. Kama walivyozoea wapasua mbao wa kule, walipokezana bila kuzima mashine, maana kuivuta kamba kwenye baridi ni adhabu. Yonathani alimpa, Damiano akateleza kwenye maganda, mnyororo ukamkata paja kwa ndani, karibu na nyonga. Alifariki njiani kabla ya kufika zahanati.

Yonathani alisema hakubonyeza mafuta, mnyororo ulikuwa unazunguka wenyewe. Hakuaminiwa. Jumapili iliyotangulia waligombana kilabuni, na watu wengi walimsikia akimwambia Damiano, "Ipo siku utanitambua." Maneno ya kilabuni husemwa kila Jumapili, ila safari hii mtu alikufa.

Mnamo tarehe 15/06/2024, saa 4:30 asubuhi, askari wawili walikuja kwangu Mpemba. Waliniuliza kama mnyororo wa mashine ile unaweza kuzunguka bila mtu kubonyeza mafuta. Sikuchukua hata muda wa kumeza mate. Niliwajibu, "Kwa mashine niliyoifunga mimi, haiwezekani. Ile inajirekebisha yenyewe. Mkiona mnyororo umezunguka, kuna kidole." Waliandika, wakashukuru. Nilijisikia vizuri, nasema kweli. Nilimpigia hata Clever simu kumweleza jinsi nilivyowajibu.

Kesho yake, Jumapili, saa 10 alasiri, Atupele alikuja akiwa bado na vumbi la makaburini kwenye kandambili zake. Nilimpa benchi, hakukaa. Alisema, "Fundi, kaka yangu ananiapia kwa jina la mama. Anasema mnyororo ulikuwa unatembea wenyewe. Wewe unaijua mashine. Niambie ukweli, nijue kama bado nina kaka."

Nilimwambia, "Pole, mdogo wangu. Kuna kidole."

Alinishukuru. Alijifunga khanga vizuri akaenda zake. Leo Koplo ameniambia kuwa tangu siku hiyo Atupele alikataa kumpelekea Yonathani chakula.

Leo tarehe 18/06/2024, saa 4:15 asubuhi, nilifika kituoni hapa kwa kuitwa na Koplo Gloria ili niitambue chensoo. Niliitambua. Atupele alikuwa amekaa getini na hatukusalimiana. Koplo aliniomba niiwashe uani, pale kwenye magogo ya kuni. Niliiwasha, ikaunguruma, mnyororo ukatulia. Nilimwambia Koplo, "Unaona? Nilisema."

Koplo aliniuliza kama Damiano aliitumia hivyo hivyo, kwa kuiwasha na kuitazama. Nilisema hapana. Akasema, "Basi pasua, fundi." Nilichukua gogo la mlingoti nikapasua, kama dakika kumi na tano hivi, mpaka injini ikapata moto sawasawa. Kisha niliachia mafuta.

Mnyororo haukusimama.

Niliiweka mashine chini, nikaondoa mikono yote miwili. Mnyororo uliendelea kuzunguka, taratibu, kama gurudumu la baiskeli iliyopinduliwa. Nilizima, nikawasha tena, ikawa vile vile. Nikarudia mara ya tatu, ingawa nilikuwa nimeshajua.

Nilifungua kifuniko cha chujio la hewa. Nasema wazi kwamba nilitamani nikute rangi imepasuka. Niliomba Mungu iwe imepasuka, awe ni Yonathani au mtu yeyote aliyetia bisibisi. Rangi ilikuwa nzima. Mstari wangu ulikuwepo na nukta zangu mbili zilikuwepo. Hakuna mkono uliogusa skrubu ile baada ya wangu.

Ndipo nilipoelewa. Kabureta ya kawaida ikipanda mlima inalemewa, na ile robo inaisaidia. Hii hailemewi. Ilipopasua mbao na kupata moto ilijifunza, ikajiweka sawa yenyewe kama Clever alivyosema, na mlima haukuwa na cha kula. Robo yangu ikabaki nzima, ikausukuma mnyororo. Mimi niliyemsifia Damiano kwamba mashine hii ina akili ndiye niliyeitendea kama haina.

Atupele aliona yote kutoka getini. Aliinuka akatoka nje, na baada ya muda akarudi na bakuli la ugali na maharage lililofunikwa kwa sahani, akamuuliza askari wa zamu chakula cha mahabusu kinapitishiwa wapi.

Yonathani Mtafya alisema kweli tangu siku ya kwanza. Niliwaambia askari kuna kidole, nikamwambia na mjane kuna kidole. Kidole kilikuwepo. Kilikuwa changu, Mpemba, siku tatu kabla.

Hayo ndiyo ninayoyajua na niliyoyatenda, nami nayakubali kama yalivyoandikwa.

Sahihi ya shahidi: N. Simkoko

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Gloria Swila, na kumsomea shahidi, akathibitisha kuwa ni sahihi. Alipofika kwenye habari ya skrubu nilimsimamisha na kumwonya kwamba anayosema yanaweza kutumika dhidi yake. Alisema nisifute kitu. Chupa moja ya rangi ya kucha, nyekundu, ameitoa mwenyewe kwenye mkoba wake na imepokelewa kuwa kielelezo. Maelezo yamefungwa saa 9:25 alasiri. Kuanzia muda huo Nesta Simkoko hahojiwi tena kama shahidi.

Sahihi: G. Swila, Koplo