Draiva Kumi na Mbili za Volti

Jumatatu, 3 Machi
Draiva za LED, vile visanduku vya kulisha taa umeme, zimefika. Kumi na mbili, kwa taa kubwa za karakana ya washonaji. Baba mdogo, fundi wetu wa umeme, aliagiza za kudhibiti mkondo, miliampea 700. Wiki iliyopita muuzaji alinipigia simu mimi karani — hizo zimekwisha, zipo za kudhibiti volti tu, volti 36, wati zile zile. Nikasema lete. Wati zile zile! Nilidhani nimefanya la maana.

Macho ya baba mdogo hayasomi tena maandishi madogo. Tunajua sisi wawili tu. Mimi husoma lebo, yeye hufunga nyaya. Leo ameuliza, "Mwanangu, ndizo?" Meneja alikuwa pale pale. Nikajibu ndizo.

Jumatano, 5 Machi
Taa zote zimewaka! Washonaji wamepiga vigelegele. Mnene wa cherehani ya kwanza kasema kwa mwanga huu ataona hata uongo wa mumewe. Baba mdogo alicheka mpaka akashika ngazi.

Nikarudi ofisini, nikasoma karatasi ya maelekezo. Sasa ndiyo nasoma! LED ikipata joto hunywa mkondo zaidi. Ikinywa zaidi, joto linapanda. Draiva ya mkondo huizuia. Ya volti haijali. Nimesoma mara tatu.

Alhamisi, 6 Machi
Taa mbili zimegeuka rangi ya samawati. Harufu kama ya pasi iliyosahauliwa. Nitasema kesho.

Ijumaa, 7 Machi
Saa nne asubuhi taa ya tano imeyeyuka, imedondokea robota la kitambaa. Moshi, mayowe, ndoo za maji. Yule mnene ameungua bega. Moto umezimwa.

Nimemkuta baba mdogo nyuma ya stoo, nikamweleza yote. Kisha kasema nikifungua mdomo watauliza kwa nini fundi asomewe lebo, na nani atampa kazi fundi asiyeona? Nikasema basi nitakiri kubadili agizo tu.

"Na mimi nilikuwa nafunga nini kule juu, mawe? Nyamaza. Wewe bado mbichi."

Jumamosi, 8 Machi
Baba mdogo kabeba lawama yote, na barua ya kumfukuza naichapa mimi. Nani mwingine? Karani ni mimi. Meneja alikuwa anataja maneno, mimi nachapa, baba mdogo yupo kiti cha wageni, kofia magotini. Tukafika kwenye sababu: "kwa uzembe wa fundi katika kuchagua..." Simu ikalia, meneja akatoka nje kuipokea.

Naandika haya kwenye kidaftari, chini ya meza. Nimefuta "wa fundi". Nafasi iko wazi. Nimechapa "wa karani". Nimefuta. Nimechapa tena.

Baba mdogo kasikia vitufe. Anatikisa kichwa, polepole.

"Mwanangu. Usi—"

Mlango unafunguka. Meneja. Sijafuta.